Unakaa Wapi, Unalima Wapi

Jumatatu, 12 Mei. Makambako

Kituo namba tisa cha kupimia baridi kimekufa tena. Nimempigia mlinzi wa shule kule Yakobi, akaenda kuangalia. Ng'ombe kajikuna kwenye nguzo, waya umechomoka. Ng'ombe! Kwenye daftari la kazi nimeandika "hitilafu ya kiufundi" maana siwezi kumwandika ng'ombe.

Zimebaki wiki tatu. Tarehe mbili Juni tunaiachia Sakitu. Jina alilitoa Bi Tabitha, meneja wetu, kwenye kamusi. Mama yangu anasema kwao hakuna anayesema hivyo, wanasema barafu imeshuka, basi. Jina na liwe lolote. Kazi yake ni moja: saa tisa alasiri mkulima apate meseji, hata kama simu yake ni kitochi, imwambie kama usiku huo barafu itashuka kwake au la. Akiambiwa itashuka, anawahi kufunika viazi kwa majani makavu kabla jua halijazama. Miaka miwili nimeiandika hiyo programu, kwenye kompyuta ambayo herufi E imeshafutika.

Leo Shabani kasema haiko tayari. Kwa sauti ileile anayoagizia chai. Mimi naandika programu, yeye anaipima, anatafuta kasoro kama mtu anayechambua mchele. Kila Jumatatu ana chuya mpya mkononi. Mwaka jana nilikuwa namshukuru. Mwaka huu nimemchoka.

Alhamisi, 15 Mei

Shabani karudi kutoka Yakobi. Siku mbili kalala kule na kipimajoto chake cha mkononi. Viatu tope tupu. Kakaa, kanywa maji, kisha kaniwekea karatasi mezani.

Iko hivi. Kwenye orodha yetu kila mkulima amefungwa na mahali ilipo nyumba yake. Nyumba ziko juu, mgongoni mwa kilima. Viazi vya msimu huu wa kiangazi viko chini, kwenye vinyungu, vile vishamba vya bondeni vyenye unyevu pembeni mwa mfereji. Na baridi hukaa bondeni. Kapima alfajiri: mlangoni kwa mtu digrii tano, kinyunguni kwa mtu huyohuyo moja na nukta. Mtu mmoja, meseji moja, na meseji inaongelea mlango.

Fomu ya kuandikisha wakulima iliuliza: Unakaa wapi? Watu wakajibu wanapokaa. Hakuna aliyewauliza wanalima wapi.

Fomu niliiandika mimi. Haya, nimesema. Mimi niliyezaliwa Yakobi, niliyepanda kile kilima na ndoo kichwani kutoka kinyunguni mpaka namaliza kidato cha nne. Lakini niliiandika huku Makambako, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukiwa mezani unaona kila mtu ana mahali pamoja tu duniani.

Shabani hakusema "wewe." Kasema "fomu ina tatizo." Hiyo ndiyo imeniudhi kuliko yote.

Jumamosi, 17 Mei. Yakobi

Nimekuja kwa mama. Kanipokea na swali kabla ya kamwene, salamu ya kwetu: "Ile meseji inaanza lini?" Nikamwambia tarehe mbili. Akawageukia wanawake wa kikundi chake waliokuwa wamekaa nje: "Si niliwaambia?"

Tumeshuka kinyunguni. Kila mwaka mama huiacha sehemu ya chini kabisa, ile ya kando ya mfereji, mpaka Agosti baridi iishe. Mwaka huu kapanda yote. Mpaka kwenye mfereji. Na siyo viazi vya kula tu. Ni mbegu safi aliyoifuata mwenyewe Iwawa, kalala huko kwa ndugu siku tatu akisubiri. Akiivuna ndiyo kikundi kizima kipate mbegu ya msimu wa mvua. Wanawake kumi na wawili wanasubiri kinyungu kimoja.

Kwa nini kapanda chini? Kwa sababu mwezi wa tatu nilimwambia: mama, mwaka huu utaambiwa mapema. Kapanda kwa neno langu.

Jioni kainama, kaweka mgongo wa mkono kwenye tope la mfereji, kisha kaangalia juu. Hivyo ndivyo anavyopima tangu nikiwa mtoto. Tope likiuma, barafu inakuja. Nikacheka, nikamwambia mama, mimi nina vituo kumi na sita. Naye akacheka. "Basi mikono yangu ipumzike," akasema.

Jumanne, 20 Mei. Makambako

Kikao. Saa tatu nzima.

Shabani: tusiachie mpaka kila mkulima apimiwe kinyungu chake na hesabu za bondeni ziandikwe upya. Mimi: wakulima mia sita na ushee, mabonde yasiyo na majina kwenye ramani yoyote, baridi inaanza Juni, mwezi wa saba ndiyo inakata. Tukisubiri tutawaletea mwavuli mvua imeshakatika. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Akanijibu kwa mambo ya baba yake. Mzee wake ana malori mawili hapa mjini, yanabeba mbao na vitunguu. Eti gari lenye breki mbovu halitoki gereji hata mzigo uozee ndani. Nikamwambia viazi siyo vitunguu. Akasema breki ni breki.

Bi Tabitha akafunga daftari: haraka haraka haina baraka. Nikamrudishia, ngoja ngoja huumiza matumbo. Wote wakacheka, mimi sikuwa natania. Kaahirisha. Mpaka lini? "Mpaka iwe tayari." Hiyo siyo tarehe. Hicho ni kitanda cha kulalia.

Nina hasira. Wanaogopa aibu ya kukosea, basi. Aibu ya kunyamaza haina mwenyewe.

Ijumaa, 30 Mei

Sijaongea na Shabani tangu Jumatano zaidi ya "naomba chaja."

Jumatatu, 2 Juni

Siku yenyewe. Imepita kama siku yoyote. Nimekula chipsi mayai, nimerekebisha waya wa kituo namba nne.

Saa tisa na dakika kumi mama kapiga. "Sijaona kitu." Nikasema mtandao, mama. Akasema sawa, basi ngoja nisogee juu kileleni, labda kule utashika. Kapanda kilima na magoti yake yale mabovu. Akapiga tena: bado.

Nimemdanganya mama yangu. Nimeuandika uongo huo hapa ili niuone.

Alhamisi, 12 Juni. Yakobi

Sasa ndiyo tunatembea vinyungu. Mimi na Shabani, simu moja ya kupimia mahali, daftari moja. Tangu asubuhi tumepima tisa. Tisa!

Kila mtu ana kinyungu zaidi ya kimoja. Babu Lutengano katuonyesha vitatu, mabonde matatu tofauti, na kila tulipopanda kilima alitusubiri juu akitupigia makofi. Mwingine kakataa katakata kutuonyesha mpaka wake, ana ugomvi na kaka yake, anadhani tumetumwa. Ikabidi tupime tukiwa tumesimama kwenye njia.

Shabani kavaa makoti mawili, mdomo umepauka. Ila anawasalimia wazee "kamwene" na kupokea mikono kwa heshima kuliko mimi mwenyeji. Wanampenda. Wanamuuliza kama ana mke.

Mchana tukiwa tunakula mahindi ya kuchemsha nikamuuliza: hivi wewe huoni kwamba kila siku tunayochelewa kuna mtu analipa? Akatafuna mpaka akamaliza. Akasema: "Naona. Ila asiyeambiwa kitu anabaki na akili yake. Ukimwambia uongo, umemnyang'anya."

Maneno ya mtu mwenye nafasi. Kinyungu cha mama yake kiko wapi? Hana. Mama yake anauza vitenge sokoni.

Jumatano, 18 Juni. Makambako

Nimegundua jambo kuhusu kuahirisha. Ukisogeza siku mara moja, mlango umeufungua. Bi Tabitha sasa anataka meseji iwe na sauti ya kusomwa kwa wasiojua kusoma. Wazo zuri, kwa nini hakulisema mwaka jana? Wafadhili wanataka ramani yenye rangi. Nani bondeni anahitaji rangi? Kila mtu anakuja na lake kwa sababu "si bado hatujaachia." Tulisubiri kwa ajili ya vinyungu, sasa tunasubiri rangi.

Vinyungu vilivyopimwa: kama theluthi. Hesabu za bondeni: nimeandika nusu. Cha mama bado, upande ule hatujafika.

Jumapili, 22 Juni. Yakobi

Asubuhi nimekuta umande mweupe kwenye nyasi za kanisani. Mwepesi, haujaunguza kitu. Lakini nimeuona.

Mama anakata majani ya kufunikia. Kashafunika sehemu ya juu, siku nne mfululizo akipanda na kushuka na mizigo. Chini bado. Magoti yamevimba, kayafunga kanga. Nikamwambia pumzika. "Nitapumzikaje na simu yako haisemi?" Kasema kwa upole. Angenigombeza ningepona.

Jumanne, 24 Juni. Makambako

Nimefanya kitu.

Toleo la zamani lipo, lile tulilokuwa tuachie tarehe mbili. Halijafutwa. Leo mchana, Shabani akiwa msikitini kwa swala ya adhuhuri, nimeliwasha. Kwa namba moja tu.

Najua lina kasoro gani. Linapima nyumba, siyo kinyungu. Lakini najua pia kwamba kituo namba tisa kipo mita mia tatu kutoka kwa mama. Nitakuwa naangalia vipimo mwenyewe kila siku. Nikiona digrii zinakaribia, nampigia kabla ya saa tisa. Toleo litafanya kazi, mimi nitakuwa breki. Si wanataka breki?

Saa tisa na dakika mbili: "SAKITU: Usiku wa leo hakuna barafu." Mama kapiga akicheka kama msichana. Kaenda kulala mapema.

Najisikia vizuri. Wiki tano sijajisikia hivi.

Ijumaa, 27 Juni

Siku tatu, meseji tatu, zote kweli. Hakuna barafu, na haikushuka. Mama kawasomea meseji wanawake wa kikundi.

Nimemtazama Shabani akichambua chuya zake nikasema moyoni, ndugu yangu, kule Yakobi gari linatembea.

Jumapili, 29 Juni

Tamasha la kwaya hapa Makambako. Kwaya saba. Tumeimba mpaka koo limekauka. Tumekula pilau, tumepiga picha. Simu ilikuwa kwenye mkoba wa Happy, mwenzangu wa kwaya, tangu asubuhi. Siku nzuri, mchana wa jua, mbingu haina hata wingu moja.

Jumatatu, 30 Juni

Mama kapiga saa moja asubuhi. Hakutaja barafu. Kasema: "Ukipata nafasi, njoo uone kinyungu."

Jumatatu hiyohiyo. Yakobi

Sehemu yote ya chini. Yote. Majani meusi, yamelala, kama mchicha uliosahauliwa jikoni. Yanatoa harufu. Nimeshika moja likavunjika kwa maji.

Sehemu ya juu, iliyofunikwa, iko hai.

Kinyungu cha jirani, Mama Zawadi, kimepakana na cha mama. Mfereji mmoja. Kafunika chote jana jioni. Kijani. Yeye hakupata meseji yoyote. Kaangalia mbingu, basi. Kanisalimia kwa heshima zote, kisha akasema, bila ubaya hata kidogo: "Tulimwona mama yako kashika mzigo wa majani, halafu kautua. Tukasema, huyo kashaambiwa na binti yake."

Nimefungua vipimo kwenye simu pale pale nimesimama topeni. Jana mchana digrii zilikuwa zinaporomoka tangu saa saba. Mtu yeyote aliyeangalia angeona. Saa tisa na dakika moja: "SAKITU: Usiku wa leo hakuna barafu." Na nyumbani kwa mama, juu kilimani, kweli haikushuka. Ndoo ya nje haikushika hata ngozi ya barafu. Programu ilisema kweli kuhusu mlango.

Mama alikuwa kakaa kwenye jiwe. Nikaanza kueleza. Kituo, fomu, toleo, kwaya. Kanisikiliza mpaka mwisho.

"Tope liliuma," akasema. "Nilishika, likauma sana. Nikasimama pale na majani yangu. Lakini simu ilisema hapana, na simu ni wewe."

Nimelia mbele ya Mama Zawadi.

Jumatano, 2 Julai. Makambako

Shabani kaona. Kwenye kumbukumbu za mashine kuna meseji sita zimetoka wakati programu yetu haijaachiwa. Kaniita, kanionyesha namba kwa kidole. "Nani huyu?"

"Mama yangu."

Kasoma tarehe. Kafika ya Jumapili. Kaijua Jumapili, kila mtu Njombe nzima anaijua hiyo Jumapili sasa. Nikangoja anirushie breki zake. Nilikuwa nazihitaji.

Kasema, "Pole sana, dada," kisha katoka kuninunulia chai. Khaa! Bora angenitukana.

Nimekaa nimefikiri. Nililiwasha kwa mama peke yake. Tungeachia tarehe mbili kama nilivyopigania, angekuwa mama na watu mia sita, wote wametua mizigo yao ya majani kwa sababu simu imesema. Nimepiga kelele wiki sita nikitaka jambo hilo. Shabani alikuwa sahihi. Naliandika mara moja tu, sitalirudia.

Lakini kuna Babu Lutengano. Vinyungu vyake vitatu tulivipima tarehe kumi na mbili Juni. Hesabu za bonde lake nilizimaliza tarehe ishirini. Nimeziendesha leo kwa vipimo vya Jumapili: "Barafu itashuka." Sahihi kabisa. Ilikuwa tayari, imekaa ndani ya kompyuta hii siku tisa inasubiri ramani yenye rangi. Kinyungu chake kimoja kimeungua. Alitupigia makofi yule babu.

Ijumaa, 4 Julai

Kikao. Safari hii kimegeuka chote. Bi Tabitha anataka tuachie kesho. Simu hazikatiki, diwani kapiga, wafadhili wamepiga, kila mtu anauliza ile programu iko wapi. "Wewe si ndiye uliyekuwa unalilia?" kaniambia. "Haya, achia."

Nikasema hapana.

Nikawaeleza yote mbele yao. Namba moja, siku sita, kwaya. Kwamba theluthi mbili ya orodha bado tunapima milango ya watu. Bi Tabitha alivua miwani. Nikadhani nimefukuzwa. Kwa kweli ningekubali.

Kisha nikasema la pili, na hili nilimtazama Shabani nikilisema. Kwamba naye kakosea. Tumegombana wiki sita kama vile kuna kuachia yote au kushikilia yote. Wale tuliowapima tungewaachia siku ileile tuliyowapima. Bonde kwa bonde. Gari zima likae gereji kwa nini, ikiwa malori ni mawili na moja breki zake ni nzima?

Shabani kakuna shingo. Kasema: "Hilo la Babu Lutengano limeninyima usingizi tangu juzi."

Kumbe. Kwa nini hakusema? Kwa nini watu hawasemi!

Bi Tabitha kaniandikia barua ya onyo. Halali yangu. Rangi na sauti zimeahirishwa. Bonde kwa bonde, kuanzia Yakobi.

Jumanne, 8 Julai. Yakobi

Tumepima kinyungu cha mama. Yeye mwenyewe kashika simu ya kupimia, kazunguka mipaka yote polepole, mpaka sehemu nyeusi. Nikamwambia ile ya chini si lazima mwaka huu. Akasema, "Andika yote."

Kashazungumza na kikundi. Sehemu ya juu ikisalimika, mbegu itatosha wanawake watano, waliobaki watasubiri msimu mwingine. Yeye kajiweka kwa waliobaki. Hakuna aliyeninunia. Mmoja kanipa mayai nimpelekee Shabani.

Fomu mpya ina swali moja tu juu: Unalima wapi? Tukifika, tunaongozwa na mwenyewe kwa miguu.

Jumatatu, 14 Julai. Makambako

Tumeachia. Bonde la Yakobi peke yake. Hakuna keki, hakuna hotuba. Shabani kabonyeza yeye, mimi nilikataa.

Kabla ya hapo nilibadilisha maneno ya meseji. Tulibishana kidogo, Bi Tabitha anaona inaonyesha hatujiamini. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Imebaki kama nilivyoiandika.

Jumatano, 16 Julai

Mchana wa jua kali, mbingu tupu. Digrii zimeanza kushuka saa nane. Nimekaa na kompyuta sikuondoka, hata chooni sikwenda. Shabani kaleta kiti chake kando yangu, karibu na dirisha.

Saa tisa na dakika moja imetoka: "Barafu huenda ikashuka kwenye kinyungu chako usiku wa leo. Nenda ukashike tope na wewe."

Saa kumi kasoro simu yangu ya mkononi ikalia kidogo. Meseji ya mama, herufi kubwa zote, kama anavyoandika siku zote.

"NIMESHIKA. LINAUMA. NAFUNIKA."

Nimempa Shabani asome. Kisha tukaenda kunywa chai.